Sauti ya Kaka Nyuma ya Ukuta

Saa tatu na nusu asubuhi, Bwana Shoti anajifungia katika chumba kidogo mwisho wa korido. Anavuta kiti, anafuta vumbi la kinasa sauti kwa kiganja, kisha anaweka kidole juu ya kitufe na kutulia.

Upande wa pili wa ukuta wa mbao, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ameketi mbele ya sanduku lenye swichi nyingi. Ameambiwa kwamba kila swichi inampiga mtu shoti ya umeme, na kwamba mtu huyo yuko nyuma ya ukuta. Mwanafunzi anabonyeza. Sanduku linanguruma. Bwana Shoti naye anabonyeza.

"Aah! Basi jamani, inauma!" inalia sauti ya mwanamume.

Chumbani hakuna mtu mwingine. Mwenye sauti hiyo amezikwa miaka sita sasa. Alikuwa kaka yake Bwana Shoti, tumbo moja, baba mmoja.

"Nimeshazoea," anasema, halafu anatikisa kichwa. "Hapana, sijazoea. Najua tu atalia wapi."

Yeye ni fundi wa vifaa katika idara ya saikolojia ya chuo. Hutengeneza viti, hubadilisha balbu, hufunga vipaza sauti. Mshahara wake ni wa fundi wa ngazi ya chini, na kwa kila asubuhi ya sanduku huongezewa posho inayomtosha nauli ya wiki. Jina la Shoti alipewa na wanafunzi, ingawa sanduku lenyewe halina umeme wa kumfikia mtu. Lina taa, lina mngurumo, basi.

Sanduku ni nakala ya lile alilolitumia mwanasaikolojia Stanley Milgram mwanzoni mwa miaka ya sitini. Aliwaita watu wa kawaida, akawaambia wanasaidia utafiti wa kujifunza na kumbukumbu, kisha akawaagiza wampige shoti mtu kila anapokosea jibu. Shoti zilikuwa za uongo, na vilio vilikuwa vimerekodiwa. Katika jaribio lake linalojulikana zaidi, watu ishirini na sita kati ya arobaini walifika swichi ya mwisho, kwa sababu tu mtu mwenye koti la kazi aliwaambia waendelee. Milgram alilaumiwa kwa kuwatesa nafsi washiriki wale, na wasomi hadi leo wanabishana juu ya maana ya alichokiona.

Chuoni hapa, koti huvaliwa na mwalimu wa somo hilo. Wanafunzi wanamwita Profesa Pole, kwa kuwa kila kipindi kikiisha hushika mabega ya mwanafunzi na kusema, "Pole, pole sana, hakuna aliyeumia." Kabla ya kuanza huwaambia wanaweza kuacha wakati wowote.

"Wakitoka nje nawauliza kama walinisikia," anasema Profesa Pole. "Wengi wanaapa sikusema."

Sauti ilipatikana kwa bahati. Kaka yake Bwana Shoti alikuwa mtunza bustani wa chuo, mtu wa masihara, ambaye akicheka kwenye maua walimu ghorofani walifunga madirisha. Profesa alimwita siku moja, akamkalisha katika chumba kilekile kidogo, akampa maneno ya kusoma na ujira wa siku mbili za kukata majani. Alilia vizuri mno. Katibu wa idara alikuja mbio na sanduku la huduma ya kwanza.

Tangu siku hiyo wanafunzi walimwita Marehemu. Kilio chake cha mwisho kinakatika ghafla, na baada yake hakuna sauti tena hata swichi zibonyezwe vipi. Wakishatoka jasho na machozi, mlango ulikuwa ukifunguliwa, naye akiingia na mkasi wake wa maua.

"Marehemu, shikamoo!" walimpigia kelele kwenye foleni ya chakula.

"Marahaba! Leo nimefufuka na njaa, nipisheni!"

Alipofariki kweli, alfajiri ya siku ya kazi, kwa ugonjwa wa moyo, hakuna aliyejua amwite nani. Profesa alitaka kuliweka sanduku stoo. Mitihani ikakaribia, sanduku likabaki. Kilichopungua ni mtu wa kuingia mlangoni.

Ndugu hawa walifanana kama sahani mbili za seti moja. Kwa hiyo, kipindi kikiisha, anayeingia ni Bwana Shoti. Anampa mwanafunzi mkono na kusema maneno aliyokuwa akisema kaka yake: "Ni mimi, mwanangu. Mzima kabisa."

"Wananikumbatia," anasema. "Mmoja alinishika uso kwa mikono miwili, analia, anasema asante Mungu. Na mimi namwambia ni mimi. Jioni nikinawa uso najiangalia kwenye kioo kwa wizi, kama mtu anayechungulia kwa jirani."

Mwili wake nao umejifunza somo. Anamjua Pavlov na mbwa wake, wale waliozoeshwa kutokwa mate kwa kusikia mlio uliokuwa ukitangulia chakula. Anasema yeye sasa ni wa ukoo wao. Sanduku likinguruma tu, kabla kaka hajalia, yeye ameshafumba macho. Hata friji ya duka la jirani ikinguruma, huacha kununua akatoka nje.

Lipo pia jambo ambalo hapendi kulizungumza akiwa chumbani mle. Katika maneno aliyopewa kaka yake, anakumbuka Profesa, "moyo wangu unanisumbua" ilikuwa ya kusemwa mara moja. Kwenye mkanda anaisema mara tatu. Ya tatu anaisema polepole, bila kulia.

"Alikuwa anachangamsha mchezo," anasema Profesa Pole. "Nilifikiri hivyo. Nilimpongeza."

Mama yao yupo, mzee wa miaka themanini na kitu, anaishi na Bwana Shoti, mkewe na mabinti zao wawili katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya karakana ya magari. Picha za mwanawe anazo. Kinachomsumbua ni kingine.

"Sauti imenitoka," anasema mama. "Naamka naitafuta, siipati. Uso naujua, mwendo naujua, hata kikohozi. Akifungua mdomo, kimya."

Mama anajua kuna mkanda. Kila Jumapili alimwomba Bwana Shoti amletee. Kila Jumapili Bwana Shoti alikuja na sababu. Mashine mbovu. Ofisi imefungwa. Ufunguo anao Profesa.

"Ningempa nini?" anauliza. "Nimkalishe mama yangu kitini, nimsikilizishe mwanawe anaomba atolewe?"

Ilikuwa Jumatano ya muhula uliopita. Binti mmoja mwembamba wa mwaka wa kwanza alibonyeza hadi kilio cha mwisho. Ukimya ukaingia. Profesa akamwambia aendelee.

Katika ukimya huo kazi ya Bwana Shoti ina kanuni yake. Huzimi mkanda, kwa sababu kitufe kinatoa mlio, na mwaka mmoja mwanafunzi aliusikia, akacheka, kipindi kikaharibika. Unauacha uzunguke, unashusha sauti hadi chini kabisa, unangoja. Ndivyo alivyofundishwa na fundi aliyemtangulia, na ndivyo alivyofanya miaka yote. Hakuna aliyewahi kusikiliza sehemu ile. Ya nini? Si kimya?

Binti hakuendelea. Alisimama, kiti kikaanguka, akatoka koridoni na kusukuma mlango wa chumba kidogo kwa bega. Bwana Shoti alishtuka. Mkono uliokuwa ukishusha sauti ukazungusha kinyume, hadi juu.

Chumba kikajaa pumzi za mtu.

Kiti kilisikika kikilia, kiti kilekile alichokalia Bwana Shoti, na kwa dakika ile, anasema, hakuwa na hakika ni nani kati yao aliyejisogeza. Mtu akameza maji. Akasafisha koo. Kisha akaanza kuimba kwa mdomo uliofumbwa, taratibu, kama anayengoja zamu kwa kinyozi. Mwisho akanong'ona, kicheko kikimponyoka: "Profesa? Bado? Ninyamaze mpaka lini jamani?"

Binti alijishika kifua. "Kumbe mzima! Mzee, kumbe mzima!"

Hapo ndipo yalipotakiwa yale maneno ya kila siku. Hayakuja.

"Hapana, binti yangu," alimjibu. "Amekufa."

Profesa aliwakuta wote wawili sakafuni. Binti ndiye aliyekuwa akisema pole.

Jumapili iliyofuata Bwana Shoti alimletea mama sehemu ile, na hiyo tu, akiwa ameirekodi kwenye simu yake. Mama alikuwa ameketi uani akichambua mchele. Alifuta mikono kwenye kanga, akaishika simu kwa vidole viwili, akaibana sikioni.

"Anapumua," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nyamaza basi nimsikie."

Alisikiliza hadi ule wimbo. Akatabasamu kwa kukereka, jinsi mama anavyokereka na wa kwake tu. "Huyo! Anauharibu palepale. Nimemfundisha tangu mdogo, hataki." Ulipofika ule mnong'ono, "Bado? Ninyamaze mpaka lini?", mama hakushtuka. Aliinamia simu.

"Bado kidogo, baba," alimjibu. "Tulia hapohapo."

Mabinti waliokuwa wakicheza mlangoni waliacha mchezo. Mkubwa alimuuliza mama yake nani amepiga.

Bwana Shoti anasema alitamani kucheka, akaishia kukaa chini kando ya mchele. Tangu siku hiyo mama hulala na simu ile, naye amelazimika kununua nyingine. Jina la mwanawe limerudi mdomoni mwa mama. Asubuhi humsimulia Bwana Shoti jinsi kaka yake alivyoimba usiku. Bwana Shoti haulizi kama anazungumzia mkanda au ndoto.

Chuoni ameomba jambo moja, nalo limekubaliwa baada ya kuvutana. Vilio vya kaka yake vitoke. Atakaa yeye kitini, alie yeye, kaka apumzike.

"Sauti yako haitishi, Bwana Shoti," Profesa Pole alimwambia. "Ukilia wewe, watadhani umekanyagwa kidole."

"Nitajifunza, Profesa. Mwalimu wangu ninaye, nimemsikiliza miaka."

Mama aliweka sharti lake: neno la moyo asilitamke, hata kwa mchezo. Profesa alilikata kwa kalamu mbele yake.

Kurekodi kumepangwa wiki ya kwanza ya muhula. Anafanya mazoezi karakanani, magari yakiwa yananguruma, na mafundi wa pale wamemkataza mara mbili kwa kuwakimbizia wateja. Vilio havimsumbui sana. Anachokifikiria ni kile kipande cha mwisho, pale atakapokuwa amekwishalia, amebaki peke yake chumbani na mkanda unazunguka.

"Profesa anataka ninyamaze kabisa," anasema. "Nimemwambia sawa. Lakini sitanyamaza. Nitaongea chinichini na mabinti zangu. Wanafunzi hawatasikia, fundi atakayenifuata atashusha sauti kama tulivyofundishwa. Wanangu wakinihitaji, wataipandisha."

Ameshaanza kupanga atakachosema. Atamwambia mkubwa habari za shule, atamwimbia mdogo kidogo. Kabla ya yote atawasalimu kwa majina yao, kila mmoja peke yake, kwa sababu wale wawili ukimtaja mmoja kwanza mwingine ananuna, na hatakuwepo kuwapatanisha.