Steringi aliniibia Jasusi Bajia, sasa imebaki tuktuk moja

Assalam aleikum nyote mnaosoma ukurasa huu. Admin, nifiche jina, ingawa watu wa Malindi wakifika nusu ya kisa watanijua tu, maana kipaji hakifichiki.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tatu, sijaoa. Shule niliachana nayo darasa la saba, kwa maridhiano. Nina kigugumizi, lakini mkono wangu haugugumizi hata kidogo. Kazi yangu ni kupaka rangi migongo ya tuktuk. Mimi ndiye niliyeanzisha mtindo wa kuchora katuni, picha moja kila tuktuk, ukitaka kujua kilichofuata usubiri tuktuk nyingine ipite. Watu walikuwa wakisimama njia panda shingo zimewarefuka. Kuna mama alitoka Kakuyuni na ndizi zake, akasahau soko, akaifuata picha ya nne mpaka hospitali.

Shujaa wangu anaitwa Jasusi Bajia. Ana tumbo, suti ya zambarau, miwani myeusi hata ndani ya nyumba, na simu yake huificha ndani ya bajia. Adui yake, Daktari Dafu, anataka kuyanywa madafu yote ya pwani kwa mrija mmoja mrefu. Msicheke. Kweli, chekeni, ndivyo nilivyokusudia.

Sasa kuna ndugu yangu wa kunyonya, nitamwita Steringi. Nilipozaliwa mamangu alilazwa hospitali, mamake akanichukua akaninyonyesha pamoja naye. Kwa dini yetu huyo ni ndugu kamili, dada zake siwezi kuwaoa. Yeye hupiga picha za harusi. Siku moja akaniambia, "Yakhe, huyu Bajia tumfanye sinema. Wewe chora, mimi nishike kamera. Jina lako ndilo la kwanza."

Nikachora kila tukio. Suti nikaishona mimi, tumbo nikalijaza mto. Steringi akajipa yeye kuwa Jasusi, na mto wa tumbo nikamfunga mimi. Tukaenda Marafa, kule kwenye korongo, Jasusi ateremke kwa kamba akimfukuza Daktari Dafu. Steringi akafika ukingoni, akachungulia, miguu ikawa uji. "Mama! Mamaaa! Nishusheni!" Na hapo hajapanda popote! Mama wa Kigiriama anayeuza maji pale akamshika mkono kama mtoto wa madrasa. "Njoo mwanangu, usiangalie chini." Nikavaa suti mimi, nikaruka ukingoni na kamba mimi. Anayeruka mle kwenye sinema ni mimi, wallahi, na tumbo la mto.

Sinema ikaoneshwa uwanjani, mji mzima umekuja. Majina yakapita: hadithi, Steringi. Mwigizaji, Steringi. Vituko vyote vya hatari, Steringi! Mimi sikutajwa hata kwa salamu. Hilo ningelimeza. Lakini alimuongeza mtumishi wa Daktari Dafu, amevaa kofia kama yangu, kaptura ina madoa ya rangi kama yangu, na kila akisema anasema, "Bo-bo-bosi!" Uwanja mzima ukageuka kuniangalia. Tangu siku hiyo sipiti njia, watoto wananifuata, "Bo-bo-bosi!"

Nikamwendea. Nikamuuliza kwa nini. Akacheka mbele ya wenzake. "Yakhe, ni sinema tu, watu wanataka kucheka. Tena nimekufupishia. Ningekuacha useme mwenyewe tungemaliza k-k-kesho."

Sawa. Mimi kusema siwezi, lakini brashi ninayo.

Nikaanza katuni mpya. Tuktuk ya kwanza, mwanamume wa miwani myeusi anafika Marafa kwa maringo. Ya pili anachungulia. Ya tatu miguu yake uji, nimeichora na mwiko ndani. Ya nne kinywa wazi, "Mamaaa!" Ya tano anaongozwa mkono na muuza maji. Mji umechanganyikiwa, kila mtu anauliza huyu nani. Ya sita ndiyo miwani inavuliwa, sura yake ionekane. Siku hizi Steringi hata ile miwani ya Jasusi, aliyokuwa akitembea nayo mjini, ameacha kuvaa! Alinitumia ujumbe: "Ukiipaka hiyo, udugu umekwisha." Nikamjibu aliumaliza yeye siku ile ya k-k-kesho. Neno samahani mpaka leo hajalitamka.

Wiki iliyopita akaja mamake kwenye gereji ninakofanyia kazi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Umekula?"

Nikamfutia vumbi pa kukaa. Akakaa juu ya gurudumu.

"Niliwanyonyesha pamoja, yeye upande huu, wewe huu. Alikuwa akikupiga mateke hata wakati huo."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa ukimfinya."

Nikataka kucheka, nikajizuia. Akasema, "Amekukosea, nimemwambia. Sikukatazi. Ila yeye atajifungia ndani na kamera zake. Mimi ndiye nitakayepita sokoni." Akainuka, akapanda tuktuk iliyokuwa ikimsubiri nje, akaenda zake kliniki ya sukari.

Na hiyo ndiyo tuktuk ya sita.

Mama hajui. Wenye tuktuk wengine wamemuogopa Steringi, ndiye anayewapigia picha za harusi. Aliyekubali ni huyo mmoja tu, na ndiye anayempeleka Mama kliniki kila wiki. Nikiipaka, mama aliyeninyonyesha atapita mji mzima na aibu ya mwanawe mgongoni. Nisipoipaka, mimi nitabaki Bo-bo-bosi mpaka nizikwe, na yeye ataendelea kupigiwa makofi kwa kuruka kwangu.

Kinachonichoma ni kwamba ile sura nimeshaijaribu kwenye kipande cha bati, na sijawahi kuchora kitu kizuri kama kile. Machozi yanang'aa!

Basi nishaurini ndugu zangu, ile miwani niivue au niiache? Wa kuniambia nisamehe tu apite kando, hilo nimeshalisikia msikitini. Na fanyeni haraka. Dereva ameegesha hapa mbele yangu, rangi nimeshaikoroga, na Mama kesho ana kliniki.