Batuli na Mwaka wa Ndui

Batuli alikuwa mwosha wa maiti wa kike pale Kondoa. Kazi ile alirithishwa na Tabu, mwanamke wa Kirangi aliyemlea. Batuli akiwa bado mdogo sana huko Ugogo, ndui iliingia nyumbani kwao ikawaua wazazi wake. Yeye akapona, uso umejaa makovu. Tabu na mumewe walikuwa wakipita kutafuta chumvi, wakamkuta amejilaza mlangoni pa nyumba ya tembe ambayo ndani hakuna aliye hai. Tabu akamfunga mgongoni akarudi naye Kondoa.

Waislamu wa mji ule walikuwa bado wachache, na Tabu ndiye aliyewaosha wanawake wao. Alimfundisha Batuli kusali, kisha kushona sanda, kisha kumwagia maiti maji bila kumwonea haya wala kumwonea kinyaa.

"Ndui ikishakuonja hairudi tena," alimwambia siku moja. "Basi ikija hapa, watakimbia wote. Wewe usikimbie."

Tabu alikufa kabla hajaiona siku hiyo.

Batuli aliolewa na Abbasi, mrina asali, mtu mpole aliyeweza kukaa siku sita porini kwenye mizinga yake na kurudi na maneno matatu tu mdomoni. Mimba tatu ziliharibika. Ya nne ikawa Zaitun. Mtoto huyo hakumfuata baba yake kwa ukimya: aliongea tangu alfajiri mpaka usingizi umchukue, akamwigiza kila jirani anavyotembea, na baba yake akirudi na mikono iliyovimba alikuwa akimtoa miiba ya nyuki huku akimkaripia kama mama mkwe. Abbasi alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta.

Wajerumani walikuwa wameshajenga boma lao, na nzige walikuwa wamekula uwele misimu miwili mfululizo, ulipokuja msafara wa wapagazi ukapumzika karibu na chemchemi. Watatu kati yao walikuwa na homa. Msafara ukaondoka, watatu wale wakabaki wakafa. Mwezi haujaisha, ndui ikawa imefika kila mtaa. Boma likaamuru wagonjwa wapelekwe kwenye mabanda ng'ambo ya mto. Watu waliacha kupeana mikono. Mtu akifa, nduguze waliweza kumfunga kwenye mkeka alivyo na kumsukumia shimoni, wakakimbia kabla udongo haujajaa.

Batuli akachukua kata yake ya kumwagia maiti maji akaenda. Alikwenda kila siku. Jioni aliteremka mtoni, akaoga, akafua kaniki yake na kuianika juu ya miiba, akavaa nyingine ndipo akarudi nyumbani.

"Mama Zaitun, acha," Abbasi alimwomba. "Utatuletea humu ndani. Mungu anajua kama tuna mtoto mmoja."

"Baba Zaitun, kuna wanawake wanaozikwa na uchafu wao. Nikiacha mimi, nani mwingine?"

"Wasioshwe. Ni dharura."

"Dharura ni kwa asiyeweza. Mimi naweza."

Tangu siku hiyo Abbasi alikuwa akimtazama mkewe mikononi kabla ya kumtazama usoni.

Siku moja Zaitun alichoka kusubiri. Alimwona mama yake kwa mbali akitoka mabandani, akamkimbilia, na kabla Batuli hajaweza kumzuia akamkumbatia kiunoni. Batuli akamsukuma kwa nguvu zake zote. Mtoto akaanguka chali, akalia, akasema, "Kwani nimefanya nini, mama?" Batuli hakuweza hata kumwinua. Alisimama pale mikono ameiweka nyuma, akamwambia arudi nyumbani.

Siku ya kumi na mbili baada ya hapo Zaitun akashikwa na homa.

Huenda alikuwa ameipata chemchemini, ambako watoto wote walikuwa wakiteka maji. Huenda aliipata kwa majirani. Hakuna aliyejua, wala hakuna aliyejua baadaye. Batuli alimuuguza nyumbani siku tisa, akimlowesha midomo kwa uji, akimpepea nzi. Mtoto yule msemaji alinyamaza siku ya nne, koo limejaa vidonda. Akafa asubuhi, jua likiwa limeshapanda.

Mwili ulikuwa umeharibika kiasi kwamba maji yangeichuna ngozi. Mwalimu Khamisi, aliyefundisha watoto Kurani pale mjini, alisimama nje akamwambia kwamba maiti wa namna hiyo hufanyiwa tayamamu kwa vumbi badala ya kuoshwa. Batuli alilijua jambo hilo. Alikuwa amelifanya kwa watoto wa wenzake. Akagusa vumbi safi kwa viganja, akampangusa mwanawe uso. Akagusa tena, akampangusa mikono. Akamvika sanda ya merikani. Alitafuta mtu wa kumshikia upande wa pili wa kitambaa, hakuna aliyeingia.

Nje, Sikudhani, dada yake Abbasi, alikuwa akipiga kelele: "Wifi, umeingiza mauti nyumbani mwa ndugu yangu! Ulioga mtoni, roho yako uliifua wapi?"

Batuli alisikia kila neno. Akamaliza kufunga sanda.

Siku saba baada ya maziko Abbasi aliingia akakaa mbali naye.

"Nimekwenda kwa mganga," akasema. "Anataka kondoo mweusi achinjiwe mizimu, nyumba itakate. Na wewe upakwe damu yake."

"Baba Zaitun, tumemzika mtoto wetu kwa kalima. Leo tuikane?"

"Kalima ilimsaidia nini?"

Tangu siku ya maziko Batuli alikuwa akijiuliza swali hilohilo usiku na mchana. Alisema tu, "Sijui. Lakini damu hiyo sitapakwa."

Abbasi akamtazama mikononi. Kisha akampa talaka, moja tu, kwa sauti ndogo, akatoka. Batuli alikusanya vyungu viwili na mkeka akahamia tembe la zamani la Tabu, ambalo paa lake lilikuwa limebonyea upande mmoja. Akakaa eda huko, na eda ikaisha Abbasi hajaja kumrejea.

Ndipo lilipompata jambo ambalo hakumwambia mtu kwa muda mrefu. Aliendelea kusali sala zote tano. Lakini kila aliposimama na kuianza Fatiha, akafika kwenye *Alhamdulillahi*, neno lilimkwama. Amshukuru kwa nini? Alisimama hapo, miguu ikichoka, mpaka wakati wa sala unakaribia kutoka. Halafu alilitamka kwa kulilazimisha, kama mtu anayemeza shubiri, akainuka kutoka kwenye mkeka akijiona mnafiki.

Mwishowe akamwendea Mwalimu Khamisi, ambaye naye alikuwa amezika watoto wawili mwaka ule.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Kaa."

"Mwalimu, nafikiri sala zangu ni za uongo. Namhimidi Mungu kwa mdomo, na moyo unakataa."

"Mtume alimlilia mwanawe Ibrahimu mbele za watu," mwalimu akasema. "Kulia si kukufuru."

"Mimi silii, mwalimu. Ningelia ningepona. Mimi nimekauka. Na nilikuwa nikifanya kazi yake Yeye. Kazi yake! Si biashara, si anasa. Nilikuwa nikiwaosha waja wake, akanichukulia Zaitun."

Mzee yule hakumpa yale maneno kwamba afaye kwa maradhi kama haya ni shahidi na mtoto yuko peponi. Pengine aliona usoni mwake kwamba ameshayasikia yote. Alijifuta macho kwa pembe ya kanzu.

"Hata mimi, neno hilo hunikwama," akasema. "Mdomo umeshafika mlangoni, Batuli. Moyo uache uje kwa miguu yake. Usiache tu kusimama."

Akarudi nyumbani, na jioni ile akasimama. Neno likakwama kama kawaida. Alisimama hivyohivyo miezi mingi, na hakuna aliyejua.

Masika, ndui ikiwa inapungua, Abbasi alikuja akasimama nje ya tembe, amekonda.

"Sikudhani amekufa mabandani. Hakuna anayekubali kumgusa." Akatazama chini. "Sikustahili kuja."

Batuli akaingia ndani akatoka na kata. Alimwosha wifi yake taratibu, akamchana nywele, akamsuka mikia mitatu kama ilivyo desturi kwa maiti wa kike. Hawakurudiana. Baada ya mavuno Abbasi alifunga nta yake akafuata msafara wa kusini, na Kondoa hakuonekana tena.

Batuli aliishi. Bibi yangu, aliyekuwa msichana wakati huo, ni mmoja wa watatu aliowafundisha kuosha. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba miaka mingi baadaye Batuli alimnong'oneza, huku wakishona sanda, kuwa siku hizi neno lile linapita. Si kila sala, akasema. Nyingi.

Reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma, mpagazi mmoja alileta habari: Abbasi mrina asali alikuwa akifanya kazi kwenye tuta la reli, akaugua tumbo, akafa.

"Innalillahi," Batuli akasema. Kisha akauliza, "Nani alimwosha?"

Mpagazi hakujua. Walikuwa wamekufa wengi wiki ile, wa kila kabila na kila dini, na walizikwa na wenzao wa kazi.

"Lakini alioshwa?"

"Mama, mimi sikuwepo."

Bibi yangu anasema hapo ndipo Batuli alipolia. Alikaa chini uani, kata mapajani, akalia kwa sauti kama mtoto aliyeanguka, akimlilia Abbasi, akimlilia Zaitun, na majirani wakatoka ndani wakasimama wasijue la kufanya. Alasiri alitawadha akaenda kwa waliokuwa wakisali, akawaomba wamsalie Abbasi, maiti asiyekuwepo. Wakapanga safu. Yeye akasimama nyuma kabisa, peke yake.