Sauti ya Jumanne na Ijumaa

Kwa miaka kumi na moja fundi cherehani alimsihi mumewe aache sigara. Alibembeleza, alinuna, alificha pakiti ndani ya marobota ya vitambaa. Mume, mlinzi aliyeachishwa kazi maradhi ya akili yalipomzidi, alikuwa na jibu moja tu: "Kesho, mama watoto."

Sasa alikuwa anaacha kweli, tena kwa ajili ya mwanamke wa kwenye simu.

Mambo yalianzia kliniki anakochukulia dawa. Zamani huduma yao ya simu ya kuwasaidia watu kuacha sigara ilimtaka apige mwenyewe, na kila mara alipokelewa na mtu mgeni. Akichoka kujieleza upya, anakata. Safari hii walibadili utaratibu kwa wagonjwa kama yeye: mshauri mmoja, yule yule, ndiye anayempigia, Jumanne na Ijumaa saa nne asubuhi, dakika kumi, bila haraka.

Saa nne ikikaribia, mume hunyoa ndevu. Kwa simu! Kisha hujisogeza nyuma ya tangi la maji, na fundi, mguu umeganda juu ya pedali, humsikia akicheka.

"Ndiyo, dada... Hapana, dada."

"Dada gani huyo?" alimuuliza siku moja. "Mama yako si alizaa wavulana watupu?"

Ijumaa moja uzalendo ukamshinda. Aliizima simu akaifukia chini ya mabaki ya vitambaa. Mume akaitafuta uvunguni, jikoni, hadi kwenye ndoo ya nguo chafu. Saa nne na nusu alikuwa amejikunyata sakafuni.

"Hata yeye amenichoka," alisema.

Lile "hata yeye" lilimchoma fundi. Akaitoa simu, akaiwasha. Ikaita papo hapo, akaipokea mwenyewe.

"Mimi ni mkewe. Umempa nini mume wangu ambacho mimi sina?"

"Mama, mimi simwambii aache. Namuuliza jana ilikuwaje, halafu nasikiliza. Na kila mara ananisimulia habari zako."

"Habari gani?"

"Muulize, si yuko hapo?"

Hakuuliza. Alimkabidhi mume simu, akarudi kwenye cherehani, akashonea mkono wa blauzi upande usio wake. Jioni alikiri kosa. Mume alinuna siku mbili, lakini sigara hakugusa, na huu ni mwezi wa tano.

Wivu haujamtoka fundi. Simu ikiita, husogeza kiti karibu na dirisha. Na mume, anayelijua hilo, siku hizi huongea kwa sauti ya juu kidogo.