Nepi Kwenye Ekzosi

Uvumilivu wangu ulikatika nilipomkuta shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, akisokomeza nepi ya mwanangu ndani ya ekzosi ya gari letu.

"Panya wasiingie," alisema, wala hakugeuka.

Mume wangu alikuwa Ulaya masomoni. Siku ya kuondoka, pale stesheni ya Mbale, alinikabidhi funguo mbele ya ndugu zake wote: mtoto apelekwe Jinja kwa daktari. Mwanetu alizaliwa na mguu uliopinda. Daktari alikuwa akiunyoosha kidogo kidogo, anafunga plasta, anafungua, anafunga tena. Ukichelewa, mguu unarudi ulikotoka. Wiki hiyo vidole vilikuwa vimeanza tena kutazama ndani. Kuendesha nilijua. Mume wangu alinifundisha mwenyewe kwenye barabara ya Nakaloke, tukiwatawanya mbuzi.

Sasa narudi kutoka sokoni, gari limekwisha kulazwa. Maji ya rejeta yamemwagwa, betri imetolewa, oili imetiwa kwenye matundu ya plagi. Magurudumu yote yako kwenye mkokoteni, yaende kwake Wanale, na gari limekaa juu ya matofali. Kazi safi, sikatai.

"Shemeji, nani kakutuma?"

"Gari ya mtu akiwa mbali inalala. Baba alipokufa, baiskeli yake si tulitundika?"

"Baba alikufa! Huyu yuko hai, ananiandikia barua."

"Basi tulia kama mke wa mtu hai. Unataka watu waseme unazurura Jinja? Panda basi."

"Basi ndilo lililopasua plasta!"

"Ah, mama wa shule! Mguu tu huo. Akianza kutembea utanyooka."

Nilichomoa nepi, nyeusi tii kwa masizi, nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda hivyo hivyo hadi ofisi ya chifu wa gombolola, mkuu wa tarafa yetu. Nilipoibwaga nepi mezani karani alicheka. Nikamwambia aandike, la sivyo anipe kalamu. Akanipa kalamu.

"Mimi, mke wa mtu aliye hai, namshitaki kaka wa mume wangu. Amechukua magurudumu na betri ya gari nililoachiwa nimpeleke mtoto hospitali. Sitaki fidia, wala sitaki kuombwa radhi. Nataka gari lisimame kwa magurudumu yake kabla ya Alhamisi, siku ya daktari. Nepi naiacha hapa iwe ushahidi. Kesi ikiisha irudishwe, na aifue yeye."