Nilivyojifunza taa na sauti kwenye kundi la ngoma Kajiado, na kaseti niliyobaki nayo

Wakuu wa jukwaa hili, salamu kwenu nyote, mlioko kazini na mlioko kitandani na simu.

Hii ni yangu mwenyewe na chumvi sijaongeza. Nilichosahau nitasema nimesahau.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa fundi wa umeme kwenye kiwanda kimoja Athi River, napanga chumba Kitengela. Kwetu ni Magharibi mwa Kenya. Siku za kazi zilipita tu. Shida ilikuwa wikendi. Majirani wakitoka kanisani nasikia vicheko na harufu ya chapati kupitia ukutani, na mimi nimelala nasikiliza upepo ukigonga mabati. Naweza kufika Jumatatu hakuna mtu ametaja jina langu.

Upweke una aibu yake, wakuu. Mtu atakwambia ana malaria, hatakwambia yuko peke yake.

Sasa kulikuwa na mwalimu mmoja wa primary, Nyambura, mwenye kundi la ngoma Kajiado mjini. Alinitafuta nirekebishe swichi za ukumbi waliokuwa wanafanyia mazoezi. Nikarekebisha. Halafu nikajifanya kuna waya sijaielewa, ndio nibaki niwatazame.

Lilikuwa kundi mchanganyiko: vijana Wamaasai, watu wetu wa Magharibi, wengine wa Central. Boss hakuna. Kila mtu analeta hatua yake, inajaribiwa, inakatwa, inaunganishwa na ya mwenzake mpaka hujui tena ilikuwa ya nani.

Aliyenishangaza zaidi ni Lemayian, mwimbishaji wao, kijana mrefu aliyekuja mazoezi moja kwa moja kutoka kwa ng'ombe. Hakuna ala yoyote. Anatoa mstari, wenzake wanaitikia kwa koo, na wanaruka kwa hiyo pumzi.

Nyambura akaniuliza, "Na wewe fundi, unatuletea nini?"

Kucheza siwezi. Kwetu ngoma za isukuti zikipigwa, mimi ndiye hushikia wenzangu makoti. Nikasema, "Naleta taa."

Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu: kuhesabiwa kama mmoja wao.

Nikatengeneza taa za jukwaa kwa mikebe ya mafuta ya kupikia, ndani nikaweka bulb nyekundu, zile za kulelea vifaranga. Akili yangu ilisema shuka nyekundu ya kuchezea ikipata taa nyekundu itawaka. Kumbe inapauka! Msichana mmoja akajiangalia akasema, "Woi, fundi, umetufulia shuka mpaka rangi imeisha." Nikabadilisha. Taa za kawaida zikaja ubavuni, nyekundu nikaielekeza ukuta wa nyuma, na shuka zikarudi kuwa shuka. Ila kuziwasha nilikuwa nahesabu hatua zao kichwani, na kila wakiruka taa ilichelewa.

Sauti ndiyo ilinitoa jasho. Lemayian huimba akitembea, na mic yetu moja ilipiga mluzi kila akipita mbele ya spika. Nikaona dawa ni kumrekodi, kaseti iimbe badala yake.

Nikamfuata kwao na radio kaseti. Mamake akatupa chai ya maziwa. Lemayian akajaribu mic kwanza kwa salamu ya Kimaasai, "Supa," ile hujibiwa "Ipa," kisha akaanza. Anaimba mstari, ananyamaza kidogo ili wenzake waje kujazia pale siku ya mazoezi, anaimba mwingine. Nilimshikia mic alasiri yote. Hatukuongea mengi, lakini nilirudi Kitengela nikiwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Mazoezini nikabonyeza play. Wakuu, ilikuwa aibu. Wenzake wakiitikia, kaseti imeshaenda mstari wa mbele. Wakiharakisha, wanamaliza na kaseti bado imenyamaza, wanabaki wamesimama wanaangaliana. Tukarudia, ikawa vilevile.

Lemayian mwenyewe alikuwa amesimama pembeni anajisikiliza. "Huyu wa kaseti hatusikii," akasema. "Mtu hakusikii, utamuitikia aje?"

Watu wakacheka. Hawakuwa na ubaya. Lakini mimi niliona nimechekwa mimi, yule wa kulala peke yake chumbani wikendi. Nikatoka nje nikasimama kwenye fensi. Nilikuwa nimeamua kurudisha ufunguo wa ukumbi walionipa.

Lemayian akanifuata.

"Supa, fundi."

Nikaendelea kuangalia barabara.

"Supa."

"Ipa," nikamjibu.

"Umeona? Umeitikia. Kwani ulikuwa unahesabu?" Akanishika bega. "Kuja ndani. Wacha kuhesabu hiyo taa yako. Wewe itikia na sisi, mkono itajua."

Kaseti tukaiacha, Lemayian akaimba mwenyewe, na mic tukaitundika juu kwenye boriti, mbali na spika, na mluzi ukaisha. Nikasimama kwenye swichi zangu nikaitikia, kwanza kwa aibu, baadaye kwa koo lote. Na kweli mkono ulijua. Miguu ikiruka, taa imefika.

"Sasa fundi anacheza," Nyambura akasema.

Tulionyesha ile ngoma jioni moja Kajiado, ukumbi umejaa mpaka mlangoni. Picha ya kundi ilipigwa, mimi simo, kwa sababu mpiga picha alitaka mtu wa kumshikia taa. Haikuniuma hata kidogo.

Halafu maisha. Nyambura alihamishwa shule ya mbali. Wengine wakaolewa, wengine wakafuata kazi. Ukame ulipokuja Lemayian akahama na ng'ombe. Habari za kifo chake nilizipata kwa muuza mbuzi sokoni Kiserian, Lemayian mwenyewe alishazikwa zamani. Nililia pale pale, muuza mbuzi akadhani nimekosana naye bei.

Kaseti ninayo. Jumapili huwa naiweka. Anaimba, ananyamaza, na pale aliponyamaza naitikia peke yangu, polepole, majirani wasisikie. Nachelewa kila mara. Ni pale mwanzo tu, akisema "Supa", ndipo sichelewi.

Nilichojifunza ni kwamba mashine haisubiri mtu, mtu ndiye humsubiri mwenzake. Kama kuna wanaokusubiri, waitikie wangali hapo.

Mafundi wa jukwaa, semeni nyinyi mlitatua vipi mluzi wa mic. Waliowahi kubaki na sauti ya mtu tu, semeni pia, tusikae kimya kila mtu kwake.

Na kama humu kuna aliyekuwa kwenye lile kundi, nafasi za kuitikia bado ziko wazi kwenye kaseti. Niko Kitengela palepale. Jumapili huwa nipo.