Duka la Mzee Isaiah Lapakwa Rangi

Nyatichi ni fundi wa nguo mjini Kericho, na kila Jumapili akitoka kanisani huchukua penseli na karatasi na kwenda kuchora majengo ya zamani. Mvua ya alasiri humlowesha, na watu humuuliza kama anapima mashamba yao. Hayo ameyazoea.

Lakini duka la Mzee Isaiah pale Sosiot lilimshinda. Lilikuwa la mbao zilizopauka, mlango umeinama, mabati mekundu kwa kutu. Alikuwa amechora nusu tu mvua ilipomfukuza.

"Rudi Jumapili ijayo, madam," mzee alimwambia. "Tutakuwa tayari."

Aliporudi, Nyatichi alitaka kulia. Mbao zilikuwa zimepakwa rangi ya kijani, mlango mpya wa chuma umesimama wima, na Mzee Isaiah ameketi mbele yake amevaa tai, mkewe kando na kitambaa chake cha kanisa kichwani.

"Mzee, mbona umefanya hivi? Mimi nilitaka lile la zamani!"

"Lile la aibu? Watu waone picha waseme Isaiah ni mvivu?"

Nyatichi alikaa juu ya jiwe, hasira zimemjaa. Akawachora wote wawili, na mlango wao wa chuma, huku akisonya. Alipomaliza, mzee aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini hapa juu ungeweka namba yangu ya simu."

Nyatichi alimnyang'anya karatasi, akaiandika namba mzee akimtajia.