Safu ya Pole

Siku Siwema Nurdin aliposikia redioni kwamba mama yake mzazi huomba radhi mara kumi na nne kwa saa, alikuwa amekaa palepale kwenye meza ya mama yake, soko la Mchikichini, anakunja suruali za watoto. Ilikuwa Jumamosi na watu walikuwa wengi. Redio ya jirani anayeuza mikoba ilikuwa inapiga kelele kama kawaida yake na hakuna aliyeisikiliza, mpaka mtangazaji alipolitaja soko lao kwa jina.

Utafiti mpya, alisema mtangazaji, umegundua kwamba wafanyabiashara wadogo wa Kariakoo na Mchikichini wana tabia ya kuomba radhi kupita kiasi. Kwa maelezo ya mtafiti, Dokta Kasmir, hiyo ni dalili ya watu wanaojiona wakosaji mbele ya mteja, mbele ya mgambo, mbele ya kila mtu. Mtangazaji mwenzake akauliza kama ndiyo maana wanapanga bidhaa barabarani, ili wapate sababu ya kuomba radhi. Wakacheka wote wawili, kisha wakapiga muziki.

Bi Zena, mama yake Siwema, alikuwa anampimia mteja gauni kwenye mgongo wa mtoto. Alimaliza kumpimia, akapokea hela, mteja akaondoka.

"Mimi?" aliuliza. "Mimi nimemkosea nani?"

Siwema aliendelea kukunja suruali ileile aliyokwisha kuikunja. Jibu alikuwa nalo, na ndilo lililomwasha masikio. Utafiti ule ulikuwa wake.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, maana kuna watu watakaosema aliyataka mwenyewe. Siwema amezaliwa Ilala na amekulia chini ya meza hiyohiyo, akilala juu ya gunia la belo la mitumba mama yake akichambua nguo. Alisoma, akawa mwalimu wa Kiingereza kwenye shule moja ya sekondari kule Upanga, na kwa miaka kumi akawasahihishia watoto wa watu insha zao. Alipofikisha miaka thelathini na minne akajiandikisha chuoni kusomea shahada ya uzamili katika isimu tumizi, yaani taaluma inayochunguza jinsi watu wanavyoitumia lugha katika shughuli zao za kila siku. Nyumbani hakuna aliyeelewa. Mjomba wake Abubakary aliwatangazia watu mtaa mzima kwamba mpwa wake anasomea simu, na kwa muda wa mwezi hivi Siwema akawa analetewa simu zilizopasuka vioo na zisizokaa na chaji. Alieleza mpaka akachoka. Mwishowe akawa anazipokea tu na kuzipeleka kwa fundi Kariakoo.

Lakini alilolitaka alilijua vizuri. Alitaka lugha ya sokoni iandikwe na mtu anayeielewa. Akawaomba wanawake kumi na wawili wakubali kuvaa kinasa sauti kidogo kwenye mfuko wa aproni, akawasomea fomu ya ridhaa sentensi kwa sentensi, na kila aliyeuliza kazi hii ni ya nini alimjibu jambo moja: naandika mnavyoongea, kama mnavyoongea. Wakasaini kwa sababu ni mtoto wa Zena. Wangekuwa wamefuatwa na mtu mwingine na karatasi yake wangedhani anatoka halmashauri, na angeondoka kama alivyokuja.

Alirekodi saa sitini. Alipokaa kuzisikiliza, neno lililomshangaza kwa wingi wake lilikuwa pole. Pole na jua. Pole na kazi. Pole na foleni, kwa mteja aliyetoka Mbagala amebeba mtoto. Pole na msiba, pole na mguu, pole na huyo mwenye nyumba wako. Alizihesabu, zikafika mia nane na arobaini. Akazitengea safu yake kwenye jedwali, akaipa jina: kupeana pole. Ilikuwa safu nene kuliko zote, na aliipenda kama mtu anavyoipenda picha ya nyumbani kwao.

Sasa, chuo kilitaka tasnifu iandikwe kwa Kiingereza, ingawa hakuna hata mmoja kati ya wale wanawake aliyekuwa amenunua wala kuuza kwa Kiingereza. Dokta Kasmir, msimamizi wake, alirudisha sura ya nne ikiwa na mstari mwekundu juu ya safu ile. Pembeni aliandika kwamba kundi hilo halimo katika nadharia; pole maana yake ni sori, na sori ni kuomba radhi, kwa hiyo zote zihamie kwenye safu ya kuomba radhi. Na huyu si mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege jana. Huyu ni mtu wa Morogoro, aliyepewa pole za kila aina tangu anaota meno, akazijibu, akazitoa yeye mwenyewe misibani na hospitalini. Leo kwa sababu kitabu cha Wazungu hakina kisanduku chake, pole ya nyumbani kwao haipo.

Siwema alibisha. "Ukitaka kuanzisha nadharia yako," Dokta alimwambia, "subiri uwe profesa. Sasa hivi tafuta cheti."

Basi akazihamisha. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu mwenyewe halifichi. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja kwenye kompyuta. Akazitoa pole mia nane na arobaini kwenye safu yake, akazipeleka kwenye kuomba radhi, akajiambia kwamba hilo ni jedwali tu na hakuna mtu wa Mchikichini atakayelisoma. Tasnifu ikasainiwa, ikapelekwa kwa watahini. Kumbe Dokta naye alikuwa ameshalichukua jedwali lile, ameliandikia makala yake, amelisoma kwenye mkutano, na kutoka mkutanoni likaenda redioni.

Pale sokoni habari zilikuwa zimeshafika mwisho wa safu ya meza. Hyasinta, rafiki wa mama yake anayeuza viatu, mwanamke wa Songea asiyejua kunyamaza, alikuja amejishika kiuno.

"Samahani, mwalimu," alisema. "Tunaomba radhi kwa kukaa hapa. Tunaomba radhi kwa kuvuta pumzi."

"Mamdogo, si hivyo."

"Sasa vipi? Si ulitwambia unaandika tunavyoongea?"

Siwema alijaribu kueleza habari ya safu na nadharia, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia mjinga. Mama yake alimwacha amalize. Bi Zena si mtu wa kupayuka; hasira yake humfanya apange vitu, na wakati huo alikuwa anapanga magauni ambayo yalikuwa yameshapangwa.

"Soko hili lilipoungua," alisema, "watu walinipa pole wiki nzima. Mpaka mgambo alinipa pole. Kwa hiyo wote hao ndio walionichomea meza?"

Hakungoja jibu. Akamgeukia mteja mwingine, akamkaribisha, na Siwema akasikia jinsi alivyoliruka lile neno. Mteja alikuwa anatiririka jasho, ana mzigo kichwani, na Bi Zena hakumpa pole na jua. Aliogopa kuhesabiwa. Mwanamke wa miaka sitini na mbili, kwenye meza yake mwenyewe, anaogopa neno lake. Hapo ndipo aibu ya Siwema ilipogeuka hasira, na tangu dakika hiyo haikumtoka.

Jumatatu alikwenda ofisini kwa Dokta.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, Siwema. Umesikia redio?" Alikuwa amefurahi kabisa, kama mtu aliyefaulisha mtoto.

Siwema alimweleza. Alimweleza habari ya mama yake na ya moto, na akamwomba aiondoe makala ile au aisahihishe. Dokta alimsikiliza huku akifungua barua pepe zake.

"Jedwali ni lako," alisema. "Uliliandika kwa mkono wako. Na nimekutaja, angalia tanbihi ya tatu." Kisha akaacha kompyuta. "Utetezi wako ni Alhamisi ya wiki ijayo. Usajili wako unakwisha Septemba. Ukianza kulikana jedwali lako mbele ya watahini, watakuuliza ni nini kingine ulichodanganya. Mimi sitakusaidia. Utaondoka hapa na miaka minne ya bure."

Na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilimuuma. Miaka minne ya kufundisha mchana na kusoma jioni, shahada iko hatua moja mbele yake, na anachotakiwa kufanya ni kunyamaza kwa saa mbili. Alirudi nyumbani, hakumwambia mtu. Kwa siku tisa alikaa na vipokea sauti masikioni, akisikiliza zile saa sitini upya, lakini safari hii hakusikiliza pole. Alisikiliza kinachofuata baada ya pole.

Alhamisi chumba cha utetezi kilikuwa na watu sita na kiyoyozi kilichovuja. Mtahini mkuu alikuwa Profesa Severa, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani ya kamba, ambaye wanafunzi humwogopa kwa sababu husoma mpaka marejeo. Alimwambia Siwema aeleze matokeo yake kwa dakika ishirini.

"Naanza na jedwali la sura ya nne," Siwema alisema. "Si la kweli. Nililiandika mimi, na nilipoliandika nilijua si la kweli."

Dokta Kasmir aliweka kalamu mezani. Profesa Severa aliuliza kama ana ushahidi, au ana majuto tu.

Siwema akabonyeza kinasa sauti. Ilitoka sauti ya Hyasinta, amemuuzia mteja viatu, vyote viwili vya mguu wa kushoto, na mteja amerudi. "Samahani dada, nimekosea." Mteja: "Usijali." Kisha akaweka sauti ya mama yake, siku nyingine, na mteja mwingine. "Pole na jua, mwanangu." Mteja: "Nishapoa, mama."

"Samahani ziko kumi na tisa," Siwema alisema. "Zinajibiwa usijali, au haina shida, au mtu anakasirika. Pole ziko mia nane na arobaini. Zinajibiwa asante, au nishapoa. Hakuna hata mmoja aliyejibu nimekusamehe. Wanunuzi wote wa Mchikichini wanajua tofauti yake. Soko lilipoungua mama yangu alipewa pole wiki nzima, na waliompa hawakuwa wamechoma kitu. Hawa si watu wanaojiona wakosaji. Ni watu wanaoonana. Mimi nimeandika kwamba wanajishusha, na aliyejishusha hapa ni mimi."

Profesa Severa alicheka kidogo, akarudia "vyote vya kushoto" kwa sauti ya chini, akaandika. Wakamtoa nje. Alikaa kwenye benchi la korido kwa dakika arobaini.

Uamuzi ulikuwa hivi. Tasnifu haikukataliwa, ila haikupita. Sura ya nne iandikwe upya, safu ya kupeana pole irudishwe na kutetewa, kazi iwasilishwe kabla ya Septemba, chini ya msimamizi yuleyule. Siwema aliuliza habari ya makala, ile iliyotangazwa redioni. Profesa Severa alivua miwani na kusema kwamba hilo haliko mikononi mwa jopo. Ni suala la mwandishi na jarida lake. Alilisema kwa unyonge, lakini alilisema. Kwa hiyo mwanafunzi aliyesema kweli alipewa miezi mitatu ya masahihisho, na mwalimu aliyelazimisha uongo akaenda kunywa chai.

Siwema alimkuta Dokta koridoni, amesimama karibu na mtungi wa maji. Dokta Kasmir alimwangalia, akaangalia chini, akashusha sauti. Pengine alikuwa na nia njema.

"Pole sana, Siwema," alisema.

Siwema alisubiri. Alimpa nafasi ya kuongeza neno la pili, lile la safu nyingine, lile ambalo Hyasinta hulitoa bila kuombwa akikosea viatu. Dokta hakuongeza. Alikuwa anangoja jibu, kama mtu yeyote anavyolingoja.

"Sijapoa, Dokta," Siwema alisema, akachukua mkoba wake akaenda Mchikichini kumwambia mama yake aendelee kuongea.